Kufuatilia Si Kusumbua, Lakini Kutuma Upya Si Kufuatilia

Huku kwetu nje ya kisiwa, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe, pesa zikikwama utaona watu wa aina mbili. Wa kwanza huiandikia kampuni imeili moja, kisha akanyamaza. Wiki inapita, mwezi unapita, na ukimuuliza atakwambia, "Nilishawaandikia, hawakujibu." Wa pili hanyamazi hata kidogo. Huandika asubuhi, akaandika adhuhuri, akaandika tena jioni kwa imeili mpya yenye kichwa kipya, kisha akamalizia kwa kuanika nambari yake ya simu Facebook ili kila mtu aione.

Wote wawili hupoteza. Wa kwanza hupoteza kwa sababu kesi isiyo na mtu wa kuiulizia hulala. Wa pili hupoteza kwa sababu ameikata kesi moja vipande vitano, na hakuna kipande hata kimoja chenye habari kamili.

Maoni yangu ni haya: kufuatilia imeili uliyotuma si kusumbua watu. Ni haki yako, na ni sehemu ya kazi ya kutunza pesa zako kama vile kuhesabu chenji kabla ya kushuka kwenye matatu. Lakini kutuma upya si kufuatilia. Hayo ni mambo mawili tofauti, na tofauti yake mara nyingi ndiyo inayoamua kama pesa zitarudi au hazitarudi.

Imeili ikishatoka, inakwenda wapi?

Tuanze na kitu ambacho wengi hatukufundishwa. Barua pepe ya mtandao imekuwapo tangu 1971, pale mhandisi wa Marekani, Ray Tomlinson, alipotuma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine akitumia ile alama ya @. Miaka mingi imepita, lakini kuna tabia moja ya imeili inayostahili kuigwa: ina subira.

Ukibonyeza "tuma" na kompyuta ya upande wa pili ikawa haipatikani, imeili yako haitupwi. Kanuni za kiufundi zinazoongoza usafirishaji wa imeili duniani zinaelekeza kompyuta inayotuma ijaribu tena na tena, ikipumzika angalau dakika 30 kati ya jaribio na jaribio, na isikate tamaa mpaka zipite kama siku nne au tano. Ikishindwa kabisa, ndipo unapoona ule ujumbe wa kiingereza unaosema imeili yako haikufika. Kama hukupata ujumbe wa namna hiyo, mara nyingi imeili yako ilifika. Huenda iko kwenye sanduku lao, huenda imeangukia kwenye folda ya taka, huenda mtu ameisoma akaiacha. Kutuma nyingine mpya kabisa baada ya saa mbili hakubadilishi lolote kati ya hayo.

Sasa tazama inapofika. Kampuni nyingi kubwa hazisomi imeili za wateja kama wewe unavyosoma zako. Kila imeili mpya hufunguliwa faili yake na kupewa nambari ya kesi. Ukijibu juu ya imeili ileile, jibu lako kwa kawaida huingia kwenye faili ileile. Ukiandika mpya, mara nyingi inafunguliwa faili nyingine, inapewa nambari nyingine, na pengine inamwangukia mfanyakazi mwingine asiyejua habari ya kwanza. Huyu atakuuliza nambari ya muamala. Yule atakuuliza kitambulisho. Wa tatu atafunga kesi akiona "inashughulikiwa kwingine".

Mwenye gari anayevuka Likoni anaijua hali hii. Ukiwa kwenye foleni ya feri ukaona haisongi, ukatoka ukazunguka kuingia tena, hukuharakisha safari. Umejirudisha nyuma kwa mkono wako mwenyewe, na wale waliokuwa nyuma yako sasa wako mbele.

Mazoea haya yanatokea kwenye simu

Nadhani najua tabia hii ya kutuma upya inakotoka. M-Pesa ilianza Machi 2007, kwa hivyo kijana aliyezaliwa mwaka huo hajawahi kuishi Kenya isiyo na pesa za simu. Tumezoea kubonyeza na kuona matokeo papo hapo. Ile SMS ya kuthibitisha ikichelewa dakika tano, roho inaruka.

Mfano ni stima. Mama ana friji ya samaki na maji ya kuuza pale Mtongwe, tokeni zimebakia kidogo, usiku umeingia. Analipa kwa Paybill 888880, pesa zinakatwa, tokeni haiji. Anafanya nini? Wengi hulipa mara ya pili. Baadaye tokeni zote mbili zinaingia, na pesa zilizokuwa za kununua samaki asubuhi zimelala kwenye mita. Hazijaibwa, lakini pia haziwezi kununua samaki. Wakati huo wote angeweza kupiga *977# na kuitafuta tokeni yake ya kwanza.

Mzazi wa Mishomoroni anayelipa karo, mpangaji wa Bombolulu anayelipa kodi ya nyumba, kijana wa Chaani anayelipia huduma ya serikali kwa Paybill 222222 ya eCitizen: wote wako kwenye mtego huohuo. Malipo yakichelewa kuonekana, mkono unakimbilia kulipa tena. Kanuni yangu ni fupi: ukiwa na SMS ya uthibitisho, usilipe tena. Pesa zimetoka kwako, na nambari ya muamala ndiyo shahidi wako. Kilichobaki ni kuulizia. Kama SMS haijaja, angalia salio kwanza, halafu omba taarifa ya akaunti, kabla hujabonyeza chochote.

Ipo hali moja ambayo haraka ni sawa, nayo ni pale ulipotuma kwa nambari isiyo yako. Hapo usikae kuandika imeili. Kwa M-Pesa, sambaza ile SMS ya muamala kwenda 456 saa hiyohiyo, maana kadiri pesa zinavyokaa kwenye simu ya mtu mwingine ndivyo zinavyokaribia kutolewa. Imeili itafuata baadaye, ikiwa utahitaji rekodi.

Ile ya kwanza ndiyo mali

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani mtu akipeleka barua ofisini alikwenda na nakala mbili. Moja aliiacha kwa karani, ya pili akagongewa muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe, akarudi nayo nyumbani akaiweka kwenye bahasha ya kaki pamoja na cheti cha kuzaliwa. Akirudi baada ya mwezi hakuandika barua mpya. Alitoa ile yenye muhuri akaiweka mezani.

Imeili yako ya kwanza ndiyo ile nakala yenye muhuri. Ina tarehe, ina saa, ina anwani uliyoituma, ina maneno uliyoyasema kabla hujakasirika. Kila unapojibu juu yake unaongeza muhuri mwingine. Ukiandika mpya, umeacha ile yenye muhuri nyumbani ukaenda mikono mitupu.

Kwa hivyo, unapofuatilia, fanya hivi.

Mwanzo, fungua sanduku la zilizotumwa na uitafute ile imeili. Ukiwa ndani yake, bonyeza jibu. Kwenye Gmail, ukijibu imeili uliyotuma wewe mwenyewe, inakwenda kwa yuleyule uliyemwandikia, na kichwa kinabaki kilekile. Usibadilishe kichwa hata kama unaona hakivutii.

Pili, ambatanisha ushahidi upya. Hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua. Ukibonyeza "jibu", zile picha na PDF ulizoweka mwanzo haziendi tena pamoja na jibu. Ukibonyeza "sambaza", zinakwenda. Kwa hivyo ukijibu, ziweke tena. Gmail inakubali viambatanisho hadi MB 25, lakini usiwatumie watu picha kumi kubwa za simu. Moja inayosomeka yatosha.

Tatu, nakili nambari ya muamala uibandike kama maandishi. Picha ya SMS ni nzuri, lakini mfanyakazi hawezi kunakili nambari kutoka kwenye picha kirahisi. Nambari ya M-Pesa ina herufi na tarakimu 10, na mtu akisoma herufi O akaandika sifuri, atakwambia muamala wako haupo.

Nne, omba jambo moja tu. Usichanganye pesa zilizokwama, huduma mbaya ya wakala na ada zilizopanda kwenye imeili moja. Mambo matatu, imeili tatu.

Mfano wa maneno yanayotosha ni huu:

"Habari za asubuhi. Narejelea imeili yangu ya hapa chini ya Jumatatu tarehe 4, niliyopewa nambari ya kesi (iandike hapa). Nililipa KSh 3,500 na muamala ulithibitishwa, lakini akaunti yangu haijaonyesha malipo hayo hadi leo. Nambari ya muamala ni (iandike hapa). Naomba mnijulishe kufikia Ijumaa kama malipo yamepatikana au yatarudishwa. Nimeambatanisha tena uthibitisho. Ahsante."

Ni sentensi chache. Ndani yake hamna tusi, hamna kulia njaa, hamna "mnatuibia kila siku". Sisemi hasira yako si ya haki. Pengine ni ya haki kabisa. Nasema mtu anayesoma imeili 80 kwa siku ataishughulikia haraka ile anayoweza kuimaliza bila kumuuliza mwenyewe swali.

Na Kiswahili chatosha. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitambua kama lugha rasmi. Usiache kufuatilia pesa zako kwa sababu unaona aibu na kiingereza chako.

Ni baada ya siku ngapi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa sana. Kwa pesa zilizokwama, siku mbili au tatu za kazi ni muda wa kutosha kabla ya ukumbusho wa kwanza, isipokuwa kama kampuni yenyewe imekuambia muda wake. Wakisema saa 72, hesabu saa 72, kisha andika. Ukumbusho wa pili nao baada ya siku tano hivi za kazi. Usipange kuandika Ijumaa adhuhuri kisha ukashangaa kimya. Mombasa hii saa hiyo watu wako msikitini, na wakirudi wiki imekwisha. Jumanne asubuhi ina faida yake.

Kwa ofisi za umma usikisie siku, sheria imezihesabu. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, raia anaweza kuomba habari kwa maandishi, kwa kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisi inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21 tangu kupokea ombi. Ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Siku zikipita bila jibu, sheria inalihesabu ombi kuwa limekataliwa, na unaweza kuomba Tume ya Haki ya Utawala ipitie uamuzi huo ndani ya siku 30. Umeona? Kimya chenyewe ni jibu, na jibu hilo lina rufaa. Lakini utaonyeshaje siku 21 zimepita kama umetuma imeili sita zenye tarehe sita? Wataanza kuhesabu kutoka ya mwisho.

Vivyo hivyo kwa data zako. Kama kampuni ya mikopo ya simu inawapigia jamaa zako wote kwa deni lako la elfu mbili, unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data chini ya Sheria ya 2019, na malalamiko hayo yanatakiwa kuchunguzwa na kukamilishwa ndani ya siku 90. Na kwa watoa huduma za malipo, Benki Kuu ya Kenya ndiyo yenye mamlaka juu yao chini ya Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya 2011.

Ukifika kwenye ofisi yoyote ya kupokea malalamiko, swali la kwanza huwa, "Ulizungumza nao wenyewe kwanza?" Hapo mnyororo mmoja wa imeili wenye ukumbusho mbili au tatu za adabu unasema yote. Huna haja ya kujieleza sana.

Anayedai ndiye anayeona haya

Sasa nije kwa wafanyabiashara, maana hapa ndipo roho huniuma zaidi.

Changamwe imejaa watu wanaoishi kwa invoisi. Fundi anayetengeneza matela ya lori, mama anayepelekea chakula wafanyakazi wa yadi za makontena, kijana mwenye duka la kuchapisha Magongo anayechapishia kampuni za kupakua mizigo bandarini. Wanafanya kazi leo, wanatuma invoisi kwa imeili, wanaambiwa watalipwa baada ya siku 30. Siku 30 zinakuwa 60. Na katika siku zote hizo, anayeona haya ni anayedai. "Nikiwakumbusha watanipa kazi tena kweli?"

Ndugu yangu, mteja anayekunyima kazi kwa sababu umemkumbusha kwa adabu deni lililopitisha muda wake, huyo si mteja, ni mkopaji asiyelipa riba. Wewe ndiye benki yake, bila yeye kukwambia. Dawa ya deni ni kulipa, na kazi ya mdai ni kukumbusha.

Tena mara nyingi si ubaya. Mhasibu amehama, imeili imezama, mkubwa hakutia sahihi. Ukumbusho mmoja unaifufua invoisi iliyokuwa imekufa bila mtu yeyote kukusudia.

Lakini kumbusha kwa invoisi ileile. Usitengeneze mpya yenye nambari mpya na tarehe ya leo ili ionekane bado mbichi. Tangu 1 Januari 2024, kampuni haiwezi kupunguza gharama kwenye hesabu za kodi bila invoisi ya eTIMS, labda kwa yale machache yaliyosamehewa. Invoisi inayoingia mfumo wa KRA inahesabika kuwa mauzo. Ukiingiza mbili kwa kazi moja, umesema umeuza mara mbili. Mhasibu wa mteja naye akiona nambari mbili za kiasi kilekile, anasimamisha zote mpaka aelewe. Ulitaka kuharakisha, umechelewesha. Tuma nakala ya ileile, juu ya imeili ileile, na maneno haya: "Invoisi nambari fulani ilitakiwa kulipwa tarehe fulani. Naomba mnieleze ni lini itaingia kwenye malipo." Usiulize "mnalipa?" Uliza "ni lini?"

Na mambo yakiharibika kabisa, ipo Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inakubali rekodi za kielektroniki. Mnyororo wako wa imeili, wenye invoisi moja, ukumbusho wa wiki ya kwanza, wa mwezi, na pengine jibu lao la "tutalipa wiki ijayo", ni ushahidi wenye nguvu. Hilo jibu la "tutalipa" lina thamani kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu mtu amekiri deni kwa maandishi. Usiifute ile imeili hata kama ilikuudhi.

Matapeli nao wanafuatilia

Upo upande mwingine wa jambo hili. Tapeli anajua kwamba unangoja jibu, na mtu anayengoja jibu ni rahisi kudanganywa.

Ukiandika kwenye ukurasa wa wazi wa kampuni, "Nisaidieni, pesa zangu zimekwama tangu jana, nambari yangu ni hii," usishangae ukipigiwa simu dakika kumi baadaye na mtu mwenye sauti ya upole anayejua shida yako yote. Bila shaka anaijua, wewe ndiye uliyeitangaza. Atakuomba PIN, au ubonyeze nambari fulani "kurudisha pesa". Kampuni halali haikuulizi PIN, iwe kwa simu, kwa SMS au kwa imeili. Faida moja ya kubaki kwenye mnyororo uleule wa imeili ni hii: jibu la kweli linakuja hapohapo, chini ya maneno yako mwenyewe. Na hata hapo, angalia anwani herufi kwa herufi.

Kwa wenye biashara, ujanja unakuja umevaa nguo za ukumbusho: "Tunakukumbusha invoisi yetu. Tafadhali kumbuka Till yetu imebadilika, lipia hii mpya." Imeili inafanana na ya msambazaji wako, hata nembo ipo. Sheria yangu hapa haina msamaha: mabadiliko ya Till, Paybill au akaunti ya benki hayakubaliwi kwa imeili peke yake. Piga simu kwa nambari uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye imeili, na uulize kwa mdomo. Simu ya shilingi chache inaokoa maelfu.

Na makampuni nayo?

Itakuwa si haki nikimwelekezea mteja kidole peke yake. Nilisomea masoko chuoni, na tulifundishwa kwamba kumpata mteja mpya ni kazi ngumu kuliko kumtunza uliye naye. Sasa mbona imeili za kuuza zinatumwa kwa majina yetu kabisa, na zile za kujibu shida zinatoka kwenye anwani isiyopokea majibu? Kumwandikia mtu kisha kumfungia mlango wa kujibu ni kama kubisha hodi kwa jirani, ukasema lako, ukakimbia.

Ninaamini kila kampuni inayoshika pesa za watu inawiwa mambo matatu. La kwanza, nambari ya kesi mara tu malalamiko yanapofika. La pili, muda unaotajwa kwa siku, si kwa neno "hivi karibuni". La tatu, mlango ulio wazi wa kujibu juu ya imeili ileile. Mteja akipewa hayo matatu, hatatuma imeili tano. Wengi wanaotuma tano wanafanya hivyo kwa sababu hawajui kama ya kwanza ilionekana na mtu. Woga huo haukuzuka hewani. Umezaliwa na kimya.

Kwa hivyo ukiwa mteja, dai hayo matatu. Kama jibu la kwanza halina nambari ya kesi, iombe. Kama halina siku, uliza siku.

"Lakini mimi si mtu wa imeili"

Nasikia hili sana, hasa kwa wazazi wetu na kwa vijana wa bodaboda. Lakini kama simu yako ni ya Android na ulishawahi kupakua programu kwenye Play Store, mara nyingi unayo anwani ya Gmail. Pengine aliyekuuzia simu ndiye aliyeifungua, na pengine nenosiri analijua yeye. Hilo lirekebishe leo, si kwa ajili ya imeili tu bali kwa usalama wako wote. Mwombe kijana wa nyumbani akuonyeshe anwani yako, ubadilishe nenosiri, na uiandike anwani hiyo mahali. Taarifa ya M-Pesa pia huletwa kwa imeili, kwa hivyo utaihitaji.

Simu kwa huduma za wateja ina faida yake, siikatai. Kwa jambo la dharura piga. Lakini ukikata simu, maneno yameisha. Baada ya kupiga, andika mistari miwili juu ya imeili yako: "Leo saa nne asubuhi nimezungumza na huduma kwa wateja, nimeambiwa pesa zitarudi ndani ya siku tatu." Sasa hata simu yako ina muhuri.

Na kuna wakati wa kuacha. Ukumbusho wa tatu ukipita bila jibu, wa nne hautaleta miujiza. Hapo hufuatilii tena, unapiga mlango wa nyumba isiyo na watu. Panda ngazi: mkuu wa huduma kwa wateja, kisha ofisi inayosimamia kampuni hiyo, ukiwa na mnyororo wako mkononi. Kwa deni dogo la shilingi mia mbili, unaweza pia kuamua kwa akili timamu kwamba muda wako una thamani zaidi. Huo ni uamuzi halali, mradi umeuamua wewe na haukutokana na kusahau.

Leo jioni, kabla hujalala, fungua sanduku la zilizotumwa. Rudi nyuma miezi mitatu. Tafuta imeili moja uliyoandika kuhusu pesa na haijajibiwa: malipo yasiyoonekana, amana ya nyumba uliyohama, invoisi, marejesho uliyoahidiwa. Usiandike mpya. Ingia ndani ya ileile, bonyeza jibu, weka ushahidi tena, na uulize ni lini.